Okidi iliyopukutika majani haijafa, usiizidishie maji

Kila kiangazi naletewa chungu chenye mashina matupu, hakuna hata jani moja, na mwenyewe anauliza ni ugonjwa gani huu. Mara nyingi hakuna ugonjwa. Okidi imelala. Kinachoniuma ni zile zinazonifikia zimeshaoza, kwa kuwa mwenyewe aliona majani yanageuka manjano, akaongeza maji.

Okidi za namna hii, kama Catasetum za Amerika ya Kati na Kusini, au Dendrobium nobile na Dendrobium anosmum za Asia, kwao kuna msimu wa mvua na msimu wa ukame. Mvua ikinyesha hukua haraka na kuweka akiba kwenye mashina manene. Ukame ukifika huangusha majani na kungoja. Wakati huo mizizi hainywi, na maji yanayotuama kwenye chungu huiozesha.

Kwa hiyo tazama mmea, usitazame kalenda. Majani ya chini yakianza kuwa manjano, punguza maji na usimamishe mbolea. Yakishaanguka yote, hamishia chungu barazani, penye mwanga na upepo, pasipofika mvua. Sisi wa Pwani tuwe waangalifu zaidi: tuna masika na vuli, na mojawapo inaweza kuikuta okidi usingizini. Wenzetu wa Mbeya na Iringa wana msimu mmoja wa mvua, kazi yao ni nyepesi. Shina likisinyaa kidogo ni kawaida. Likisinyaa sana, lirashie maji asubuhi, yakauke kabla ya jioni.

Kipindi kinachoua nyingi ni pale chipukizi linapochomoza. Unafurahi, unachukua ndoo. Subiri! Chipukizi linakula akiba ya shina la zamani, na maji yakituama katikati yake linaoza. Kwa Catasetum, ngoja mizizi mipya ifike kama sentimita 10. Baada ya hapo mwagilia bila choyo, na kila wiki tia mbolea ya NPK 20-20-20 kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Majani yake ni laini, utitiri huyapenda; kagua chini ya jani na uyaoshe kwa maji.

Dendrobium ina jambo lake: usikate mashina yaliyobaki uchi, maua hutokea hapo hapo. Nobile huhitaji usiku wa baridi, nyuzi 10 hadi 15 hivi, ndipo ichanue vizuri, hivyo inafaa Lushoto au Arusha. Dar es Salaam na Tanga panda anosmum.

Usipande kwenye udongo. Tumia vipande vya mkaa na makumbi ya nazi, katika chungu chenye matundu mengi. Makumbi yaloweke siku kadhaa ukibadilisha maji, chumvi itoke.

Na tafadhali, usichukue okidi porini. Kule Kitulo, Nyanda za Juu Kusini, okidi zinazoota ardhini zimechimbwa mno kwa ajili ya chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi vyake, na okidi zote zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Nunua kwa mkulima anayegawa mashina ya bustani yake, na umuulize mmea ulipukutika lini, ili ujue kama uanze kumwagilia au ungoje.