Jinsi ya kufuma soksi kwa mkono, na kuimaliza ile ya pili

Njombe mwezi wa sita na wa saba baridi yake wanaijua waliokaa huku, na ukipanda Makete ndo kabisa, kule Kitulo kuna asubuhi unaamka unakuta majani yameganda nje. Mzee wangu alikuwa analala na soksi mbili mbili za dukani na bado miguu baridi, ndo hapo nikaanza kufuma soksi, nilikuwa najua kufuma tangu stadi za kazi shule ya msingi lakini ni skafu na vitu vilivyonyooka tu, soksi sikuwahi kugusa. Sasa hivi ndo kitu napenda kufuma kuliko vyote. Naandika hapa jinsi navyofanya hatua kwa hatua, na naomba niseme mapema, soksi moja mtu yeyote anayejua kufuma atamaliza, ugumu uko kwenye ya pili. Nina jirani yangu ana soksi moja moja nne kabatini, nzuri kweli, hakuna hata moja yenye mwenzake. Kwahiyo maelekezo yangu yote yanamlenga huyo ambaye hajaanza ya pili.

Kitu cha kwanza tafuta daftari na kalamu, viweke kwenye mfuko huohuo unaoweka uzi. Kila namba utakayoona hapa chini, ya kwako andika. Ukifuma ya kwanza bila kuandika, ya pili itakuwa ya mtu mwingine.

Sindano

Zinatakiwa sindano tano fupi zenye ncha pande zote mbili, unene wa milimita 2 mpaka 2 na nusu. Huku kwetu kuzipata dukani ni bahati, wengi tumejifunza kwa spoku za baiskeli na sioni aibu kusema, spoku ya kawaida ina unene wa milimita 2 hivi ambao ndo hasa soksi inautaka. Nenda kwa fundi baiskeli muombe spoku tano zilizonyooka zisizo na kutu, akukatie sentimita 20 kila moja, kile kichwa na ile sehemu ya nati aziondoe kabisa, alafu wewe ukakae na jiwe la kunolea na msasa unasugua ncha mpaka ukipitisha kwenye shavu haikwaruzi. Usiharakishe hapo. Ncha yenye kikwaruzo kidogo tu itakuwa inachana uzi kila mshono na utachukia soksi wakati kosa ni la spoku.

Uzi

Hapa ndo pesa na moyo vinapotea. Nyuzi nyingi za madukani ni akriliki, rangi nzuri, laini, bei ndogo, lakini mguuni jasho linabaki palepale na kwa baridi ya kweli haisaidii sana. Uzi unaosifika kwa soksi ni sufu iliyochanganywa na nailoni, kama sufu asilimia 75 na nailoni 25, sufu inaleta joto na nailoni inazuia kisigino kisitoboke. Donge la gramu 100 lenye mita kama 400 linatosha pea moja ya mtu mzima.

Usipoupata fanya kama mimi, nenda mnadani kwenye mitumba utafute sweta la sufu ulifumue. Cheki mishono ya ubavuni kabla hujalipa, hii nimejifunza kwa hasara. Sweta lililokatwa na kushonwa kwa ovaloki ukilifumua unapata vipande vipande vya urefu wa kifua, kila mstari umekatwa, hakuna kitu utafanya nacho. Tafuta lile ambalo pembeni kila upande una ukingo wake mzima na vimeunganishwa tu kwa mshono kama mnyororo, ukikata ule uzi wa kuungia sweta linaachia, unaanza juu mabegani unavuta na uzi unakuja mmoja mrefu mpaka raha. Na kama lebo imetoka na hujui ni sufu kweli, omba kiuzi kidogo ukichome, sufu inanuka kama nywele zinazoungua na inabaki majivu yanayosagika kwa vidole, akriliki inayeyuka inakuwa kitone kigumu cheusi.

Uzi wa kufumua unakuja umejikunja kama nywele zilizofumuliwa. Uzungushie mgongo wa kiti, funga sehemu nne, loweka maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, usisugue, tundika kivulini na kitu kizito kidogo chini. Kesho yake umenyooka. Kama ni mwembamba sana shika nyuzi mbili pamoja.

Vipimo

Pima kuzunguka mguu pale penye unene, chini kidogo ya vidole. Tuseme ni sentimita 22. Soksi inatakiwa iwe ndogo kuliko mguu kwa kama sehemu moja ya kumi maana inavutika, ikilingana na mguu itakuwa inazunguka kwenye kiatu, kwahiyo tunafuma ya sentimita 20. Fuma kipande cha majaribio, hesabu vitanzi kwenye sentimita 10, mimi napata 32, kwa hiyo soksi nzima ni vitanzi 64. Ukipata namba tofauti piga hesabu yako, ila iwe inagawanyika kwa nne. Kipande cha majaribio kinawachosha watu wanakiruka, usikiruke, nusu saa hiyo inakuokolea wiki.

Mdomo na mguu

Anzisha vitanzi 64, na uvianzishe kwenye sindano mbili zilizoshikwa pamoja alafu ndo uchomoe moja, ili viwe vimelegea. Pea yangu ya kwanza ya mzee nilikaza mwanzo, nikafuma soksi yote mpaka ncha, nzuri, siku ya kumvalisha mdomo umegoma kupita kisiginoni. Mzee amekaa pale kitandani amenyoosha mguu, anasema acha tu mwanangu nitaivaa hivyohivyo, na haivaliki. Niliifumua usiku uleule na iliniuma kweli.

Gawa vitanzi 16 kwa sindano nne, ya tano ndo ya kufumia. Kabla hujaunga mzunguko laza kila kitu mezani uangalie ukingo wa chini wote umeelekea ndani, ukiunga umepinda hakuna dawa zaidi ya kufumua. Alafu laini mbili kifundo mbili (laini ni ule mshono wenye alama kama ya V, kifundo ni ule wenye uvimbe), mizunguko 20. Baada ya hapo laini tupu mizunguko 60, kama sentimita 15 hivi. Andika daftarini 20, 60.

Kwenye kona za sindano vitanzi hupenda kulegea, unaona kama kingazi kinashuka kati ya sindano na sindano. Vuta uzi kidogo kwenye mshono wa pili wa kila sindano, siyo wa kwanza, wa pili ndo unakaza kona.

Sehemu hii ya mguu ndo ya kusafiri nayo, haina kufikiri. Mimi nimefuma kwenye basi Makambako mpaka Dar es Salaam na jirani wa siti akaishia kunishikia donge la uzi na kunielezea habari za marehemu mama yake aliyekuwa anafuma. Ila kwenye matuta sindano ikichomoka inabingirika mpaka kwa dereva, kwahiyo beba ya sita.

Kisigino

Watu wanakiogopa kisigino, mimi ndo nakisubiri. Chukua vitanzi 32, yaani nusu, viweke sindano moja, vile 32 vingine viache vipumzike. Sasa hufumi tena mzunguko, unaenda na kurudi. Upande wa mbele hamisha kimoja bila kufuma, fuma kimoja laini, hivyohivyo mpaka mwisho, ukirudi upande wa nyuma hamisha cha kwanza tu, vilivyobaki fuma kifundo. Mistari 32. Kinatoka kitambaa kinene kama mara mbili, hapo ndo kiatu kinaposugua. Kama uzi wako ni akriliki au sufu tupu, hapa ongeza uzi wa nailoni wa kushonea uende nao pamoja, na kwenye ncha ya vidole vilevile.

Kugeuza sasa. Mbele: hamisha 1, fuma laini 16, unganisha viwili kuwa kimoja, fuma 1, na hapohapo geuza, viache 12 bila kufumwa. Ndiyo, geuza katikati ya mstari, usiogope. Nyuma: hamisha 1, fuma kifundo 3, unganisha viwili, fuma 1, geuza, na huku vimebaki 12. Kuanzia hapo utaona pengo dogo pale ulipogeuzia mara ya mwisho, kila mstari hamisha 1, fuma mpaka kibaki kimoja kabla ya pengo, kile na cha ng'ambo ya pengo viunganishe, fuma 1, geuza. Endelea mpaka vitanzi vya pembeni viishe, utabaki na 18.

Kwenye mstari wa nne wa tano hivi acha kufuma kidogo uangalie mkononi. Kitambaa kilichokuwa bapa kimeanza kujikunja kuwa kikombe, chenyewe, hujakata wala kushona. Nimefuma pea nyingi sasa lakini pale bado nasimama naangalia.

Kisha okota vitanzi ubavuni mwa kile kitambaa kinene, 16 kila upande, na kimoja cha ziada kwenye kila kona maana kona ile ndo inaachaga tundu. Sasa una 18 na 34 na vile 32 vilivyopumzika, jumla 84. Rudi kwenye kuzunguka. Mzunguko mmoja punguza kitanzi kimoja kila ubavu, mzunguko unaofuata fuma bila kupunguza, mara kumi, unarudi 64. Ukihesabu ukapata 83 au 85 tafuta kosa sasa hivi, ukisema litajirekebisha mbele halijirekebishi.

Mpaka vidoleni

Fuma laini mpaka zibaki sentimita 5 kufika mwisho wa kidole kirefu. Pima kwa kuvaa, sindano zikiwamo, taratibu. Andika idadi ya mizunguko, namba hii ndo watu wanaisahau na ndo inafanya soksi moja iwe ndefu.

Ncha unapunguza vinne kila mzunguko wa pili, viwili kila ubavu, mpaka vibaki 32, alafu kila mzunguko mpaka vibaki 16. Vinane juu na vinane chini unaviunganisha kwa sindano ya kushonea yenye tundu kubwa, uzi unapita kitanzi cha juu, cha chini, cha juu, cha chini, ukifuata njia ambayo mshono laini ungepita. Ikikushinda mara ya kwanza punguza mpaka 8, pitisha uzi ndani ya vyote uvute kama unafunga mdomo wa mfuko. Kinabaki kivimbe kidogo, ila kinavalika.

(Jambo linalonifurahisha, soksi za Misri za zaidi ya miaka 1,500 iliyopita zimehifadhiwa makumbusho, nyekundu, na zina kidole gumba kimetengwa ili mtu avae na kandambili. Zilitengenezwa kwa sindano moja, namna nyingine kabisa siyo hii ya kufuma, lakini kina bibi wa Njombe wanaovaa soksi na ndala asubuhi wanapochota maji wangezielewa mara moja.)

Ya pili

Usiku unaomaliza ya kwanza, kabla hujaficha hata nyuzi zinazoning'inia, anzisha vitanzi 64 vya ya pili na ufume angalau mizunguko mitano ya mdomo. Usilale kabla. Usimuonyeshe mtu ya kwanza ukapongezwa, ukishapongezwa mwili unaamini kazi imeisha. Ya pili haina jipya, unajua kisigino kitakavyokuwa, na ndo maana inachosha, lakini pia mkono umeshaijua, mimi ya kwanza inanichukua jioni nane na ya pili jioni sita. Fuata daftari tu. Kitu kingine, mkono unabadilika, ukiwa na hasira unakaza, ukipumzisha mwezi mzima unarudi na mkono mwingine na hesabu ileile inatoa soksi nyembamba zaidi. Kwahiyo zifuatane.

Kufua, sufu ni maji baridi na mkono, ukiweka maji ya moto na kusugua inasinyaa inakuwa ngumu ya mtoto na hairudi. Kamulia ndani ya taulo, usisokote, anika kivulini. Akriliki usipige pasi.

Ikitoboka kisiginoni, na itatoboka siku moja, ingiza balbu iliyoungua ndani ya soksi, shimo likae juu ya ule mviringo, pitisha nyuzi za kwenda juu sambamba kuanzia kwenye vitanzi vizima pembeni ya shimo, alafu za kukatiza moja juu moja chini kama mkeka. Soksi za mzee za msimu wa tatu zina viraka vitatu vya rangi tofauti, kila nilichokuwa nacho siku hiyo, na ameniambia nisimfumie nyingine mpaka hizo zimshinde.