SOMO: Kukusanya na kuhifadhi matangazo ya zamani ya majarida ya skeitibodi (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, nimechoka kujibu swali lilelile: "Nimepata matangazo ya zamani ya skeitibodi, nifanyeje?" Naandika mara moja tu. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Nazungumzia zaidi majarida ya Marekani ya skeitibodi, yaani mabao ya kutelezea yenye magurudumu: Skateboarder ya miaka ya 1970, Thrasher iliyoanzia San Francisco mwaka 1981, Transworld Skateboarding ya 1983 na Big Brother ya 1992. Kwingine kanuni ni hizohizo.

1. Chagua eneo lako. Kampuni moja, au mtelezaji mmoja, au kipindi kimoja. Mimi ni mgonjwa wa matangazo ya kampuni ya skeitibodi ya Powell Peralta ya miaka ya 1980, yale yenye mkono wa msanii na mpiga picha Craig Stecyk, ambamo unaweza kutazama ukurasa mzima na usijue unauziwa nini.

2. Nunua jarida zima. Kurasa zilizokatwa ni za kujazia mapengo tu.

3. Nawa mikono, ikauke kabisa. Glavu za pamba waachie watu wa sinema; vidole vinakosa hisia na karatasi inachanika.

4. Andika utambulisho KABLA ya kutoa ukurasa. Hapa ndipo watu wanapoharibu, na mimi nilishaharibu rundo zima. Tangazo la ukurasa mzima kwa kawaida limejaza karatasi mpaka ukingoni, kwa hiyo namba ya ukurasa haipo, jina la jarida halipo, mwezi haupo. Likishatoka kwenye jarida halijitambulishi tena. Kibaya zaidi, kampuni ilikuwa inapeleka tangazo lilelile kwenye majarida mawili matatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo hata ukiikumbuka picha, hujui nakala yako ilitoka wapi.

Kwa hiyo jarida likiwa bado zima: andika jina, toleo, mwezi na mwaka wa jaladani. Ukurasa usio na namba, hesabu kuanzia ule wa karibu wenye namba. Majalada yana namba zake: la mbele ni 1, ndani yake ni 2, ndani ya la nyuma ni 3, la nyuma kabisa ni 4. Usidharau 2, 3 na 4, ndizo nafasi zilizolipiwa pesa nyingi. Andika pia upande wa pili wa karatasi kuna nini. Tumia penseli laini, pembeni, au karatasi tofauti. Kalamu ya wino HAPANA. Vibandiko vya njano vya ofisini HAPANA, gundi yake inabaki hata kama huioni.

Na kama jarida ni zima na safi, usilikate kabisa. Skani hivyohivyo.

5. Skani. Nukta 600 kwa inchi, rangi kamili, faili la TIFF (aina ya faili inayotunza picha bila kupunguza ubora). Ukurasa mmoja wa ukubwa wa kawaida wa jarida unafika kama megabaiti 100, ndiyo, na usilalamike. Hiyo ndiyo nakala mama. JPEG, faili dogo la picha, itengeneze kutoka kwake kwa ajili ya kuwaonyesha watu. Weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa, la sivyo maandishi ya upande wa pili yanapenya. Ukiona mawimbi ya ajabu kwenye picha, ni nukta za uchapishaji zinagongana na nukta za skana. Usiyafute kwenye nakala mama; fanya hivyo kwenye nakala ya pili, baada ya kuskani kwa nukta nyingi.

6. Taja faili kwa mpangilio mmoja. Jarida, mwaka na mwezi, ukurasa, kampuni. "Skani mpya ya mwisho 2" si jina.

7. Hifadhi. Mfuko wa plastiki ya poliesta au polipropilini, kadibodi isiyo na asidi nyuma, mbali na jua. Plastiki laini yenye harufu kali ni PVC, itaivuta rangi ya wino. Unyevu uwe kati ya asilimia 35 na 50. Nakala za faili ziwe tatu, moja nje ya nyumba.

MASWALI

Kipepe: Mkuu somo zuri. Nukta ngapi kwa inchi?

Mtoa somo: Hatua ya 5.

Fundi Bao: Mimi nimelamineti zangu zote na zinang'aa vizuri. Unatutisha bure.

Mtoa somo: Sijamtisha mtu. Plastiki ile imeyeyushiwa juu ya karatasi kwa joto, huwezi kuitoa bila kuondoka na wino. Kama umeridhika, sawa, ila usimuuzie mwenzako ukasema imehifadhiwa.

Bint Makaratasi: Nina kurasa zilizokatwa zamani na mtu mwingine, hazina tarehe. Kuna njia yoyote ya kukadiria mwaka?

Mtoa somo: Swali hili nimelisubiri. Anza na upande wa pili: matokeo ya mashindano, barua za wasomaji, tangazo la bidhaa mpya. Kisha tazama namba ya simu ya kampuni. California iligawanya maeneo yake ya simu mara nyingi. Namba ya eneo inayotangulia simu ya San Diego ilikuwa 714, ikawa 619 mwaka 1982. Santa Cruz ilikuwa 408 hadi 1998, ikawa 831. Kusini mwa Orange County 714 ikawa 949, nako ni 1998. Tangazo la San Diego lenye 714 basi ni la kabla ya mwaka 1982, au la karibu nao sana. Anwani ya tovuti ikiwepo, uko katikati ya miaka ya 1990 au baadaye. Ila kumbuka mwezi wa jaladani si mwezi wa kuuzwa. Jarida hutangulia sokoni.

Bint Makaratasi: Asante sana! Na hakimiliki je? Naweza kuyaweka mtandaoni?

Mtoa somo: Mimi si mwanasheria, ila jambo moja wengi hawalijui. Marekani, kabla ya tarehe 1 Machi 1989, kazi iliyochapishwa ilitakiwa kuwa na alama ya hakimiliki, na chini ya sheria iliyoanza 1978, alama ya jumla ya jarida haikuyafunika matangazo ya watu wengine. Tangazo lilihitaji alama yake. Lakini kulikuwa na muda wa miaka 5 wa kurekebisha kwa kusajili, na nembo za biashara ni suala jingine kabisa. Kwa hiyo kagua moja moja, usijumlishe.

Kijiwe: Tuma zote kwenye kundi basi.

Mtoa somo: Hapana.

Mzee wa Stepla: Naongezea. Pini zenye kutu usizivute kwa kucha. Kunjua miguu yake kwa ndani kwa kitu bapa, ndipo uzisukume zitoke. Na kurasa zinazong'aa zilizolowa zikagandana, usilazimishe, unabandua picha.

Mtoa somo: Umesema kweli mzee. Zilizogandana naziacha kabisa.

Bint Makaratasi: Kurasa za maduka ya kuagiza kwa posta, zile zenye picha ndogondogo na bei, nazo mnaskani? Hazivutii.

Mtoa somo: Hizo kwanza! Tangazo kubwa linakuonyesha bao moja na mtelezaji hewani. Ukurasa wa duka unakupa majina ya mabao, vipimo, ekseli, ugumu wa magurudumu na bei ya kila kimoja mwezi ule. Maandishi ni madogo sana, kwa hiyo panda hadi nukta 800, na kama unaweza, yaandike yote kwenye jedwali.