Dakika Mbili Mbele ya Kamati: Mzazi na Shule za Umma Katika Bunge la Washington

Wengi wetu wahamiaji tunaoishi jimbo la Washington, Marekani, kuanzia Kent na Tukwila hadi Spokane, tumelelewa tukijua kwamba mzazi mwema humpeleka mtoto shule, hulipa michango, kisha humwachia mwalimu kazi yake. Adabu hiyo inafaa sana darasani. Lakini pesa zinazoamua kama shule ya mwanao itakuwa na nesi, basi la kutosha au msaidizi wa mtoto mwenye ulemavu hazipangwi darasani. Sehemu kubwa hupangwa Olympia, kwenye bunge la jimbo, na huko mzazi anayekaa kimya huhesabiwa kuwa ameridhika.

Jambo la kwanza: usiende kama mwombaji. Katiba ya jimbo hili, ya mwaka 1889, inasema wajibu mkuu wa jimbo ni kugharimia vya kutosha elimu ya watoto wote wanaoishi ndani ya mipaka yake. Imetaja watoto wanaoishi humu, wala haikuuliza pasipoti za wazazi wao. Mwaka 2007 familia mbili za kawaida, moja ikiwa ya Stephanie McCleary wa mji mdogo wa Chimacum, zililishtaki jimbo kwa kifungu hicho. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba kweli shule zilikuwa zinapunjwa. Bunge lilipojivuta, kuanzia Agosti 2015 mahakama ililitoza jimbo faini ya dola 100,000 kwa siku, na kesi ikafungwa Juni 2018 baada ya mabilioni ya dola kuongezwa kwenye bajeti ya shule. Kwa hiyo mzazi anayezungumza Olympia anadai kilichoandikwa.

Je, lazima uwe raia? Hapana. Kutoa maoni mbele ya kamati au kumwandikia mbunge hakuhitaji uraia, wala Kiingereza cha redioni. Ila kuna mipaka ambayo usiicheze. Usijiandikishe kupiga kura kama si raia, hata kijana mwenye fomu mkononi akikuhimiza pale sokoni. Usijitambulishe kama raia popote ikiwa bado. Na kama huna uraia wala green card (kibali cha makazi ya kudumu), usichangie pesa kwenye kampeni ya mgombea yeyote. Jambo jingine zito ni kwamba unachosema kamatini huwa kumbukumbu ya umma, na vikao hurushwa na kituo cha runinga cha TVW, ambako video hubaki kwa miaka. Mwenye kesi ya kuomba hifadhi ya ukimbizi inayosubiri uamuzi aongee kwanza na wakili wake, na kama wakili anasita, mzazi mwingine asimame badala yake. Hakuna mswada unaostahili kuhatarisha makazi ya familia.

Halafu jua mlango wa kubisha. Mwanao akionewa na mwalimu, anza na mwalimu, kisha mkuu wa shule, kisha ofisi ya wilaya ya shule. Mkikwama, kuna ofisi ya usuluhishi wa elimu iliyo chini ya gavana, inayojulikana kama OEO. Huduma yake ni bure na ina wakalimani. Shule ikikuambia mtoto wako atatafsiri kwenye kikao, kataa kwa upole na uombe mkalimani. Mwaka 2022 bunge lilipitisha mswada namba 1153 unaozitaka wilaya za shule ziwe na mpango wa huduma za lugha kwa familia. Bungeni tunapeleka yale yanayogusa shule nyingi: fedha, sheria, idadi ya wafanyakazi.

Bunge lina maseneta 49 na wawakilishi 98, na kila wilaya ya uchaguzi ina seneta mmoja na wawakilishi wawili. Hao watatu wa kwako watafute kwa kuandika anwani yako ya nyumbani kwenye tovuti ya bunge, leg.wa.gov. Vikao huanza Jumatatu ya pili ya Januari: siku 105 miaka isiyogawanyika kwa mbili, ambapo bajeti ya miaka miwili hupitishwa, na siku 60 miaka mingine. Miswada ya Baraza la Wawakilishi huanzia namba 1000, ya Seneti huanzia 5000. Ziandike namba hizo mahali, maana mbunge aliyezungukwa na mamia ya miswada hatajua unachosema ukimwambia tu “ile sheria ya watoto wetu”.

Wakenya waliozoea kuona kamati za Bunge zikikusanya maoni ya wananchi, kama Katiba ya 2010 inavyotaka, watautambua utaratibu huu haraka. Tofauti ni kasi. Tangazo la kikao huweza kutoka siku chache tu kabla, na mzungumzaji mara nyingi hupewa dakika moja au mbili. Habari njema ni kwamba huna haja ya kuomba ruhusa kazini uendeshe gari hadi Olympia. Unajisajili kwenye tovuti ya bunge na kuzungumza kwa video, hata ukiwa kwenye maegesho ya kazini wakati wa mapumziko. Usajili hufungwa saa moja kabla ya kikao. Asiyetaka kuongea anaweza kuandika jina na msimamo wake tu, kuunga mkono au kupinga, au kutuma maoni kwa maandishi ndani ya saa 24 tangu kikao kianze.

Hapo kwenye kuandika msimamo ndipo jamii zetu zinapoacha nguvu nyingi chini. Tunakusanya harusi ya watu mia nne kwa kundi la WhatsApp ndani ya wiki mbili. Kundi hilohilo likipokea namba ya mswada, tarehe ya kikao na kiungo cha kujisajili, wazazi hamsini wanaweza kuingia kwenye kumbukumbu ya kamati kabla ya chai ya jioni. Mteueni mtu mmoja wa kufuatilia ratiba, ikiwezekana mama au baba mwenye utulivu, asiyesambaza kila anachopokea.

Dakika mbili ni maneno kama 250. Andika, soma kwa sauti, punguza. Mfano:

“Mheshimiwa Mwenyekiti na wajumbe wa kamati, naitwa Fulani, naishi Kent, nina watoto wawili katika shule za umma. Naunga mkono mswada huu. Mwanangu anahitaji msaidizi darasani. Mwaka huu msaidizi huyo anagawanywa kwa madarasa matatu, na siku asipokuwepo napigiwa simu nimchukue mtoto saa nne asubuhi, nikiwa zamu. Mswada huu ungeiwezesha wilaya kuajiri wasaidizi wa kutosha. Naomba muupitishe. Asanteni.”

Msimamo umetajwa mapema, kisa ni kimoja, ombi ni moja. Usitaje jina la mtoto wala ugonjwa wake. Atakapokuwa mkubwa, video itakuwa bado ipo.

Watakuja pia wenye vyama wakitaka wazazi wetu wavae vitenge, wapige picha kwenye ngazi za bunge na kurudi nyumbani. Uliza kwanza: nitazungumza mimi, au nitazungumziwa? Mswada upi? Nani ameandika maneno haya? Chama cha wazazi na walimu cha jimbo, PTA, kina vipaumbele vya bunge vinavyopigiwa kura na wanachama wake wenyewe, na tawi la shule yako linaweza kupeleka hoja huko. Afadhali kiti kimoja chenye kura kuliko picha ishirini.

Mswada wa kwanza ukifa, msivunjike moyo. Kwa miaka mingi jimbo liliweka ukomo wa idadi ya wanafunzi wa elimu maalumu ambao lingewalipia: asilimia 13.5 ya wanafunzi wote wa wilaya ya shule, kisha 15 mwaka 2023, kisha 16 mwaka 2024. Wilaya zenye wanafunzi hao wengi kupita ukomo zilibeba gharama iliyobaki. Wazazi wa watoto wenye ulemavu walirudi kikao baada ya kikao na hoja ileile, na mwaka 2025, kwa mswada namba 5263, ukomo ukaondolewa.

Baada ya kikao, mtumie mbunge wako barua pepe fupi yenye namba ya mswada na shukrani. Asiyeandika apige 1-800-562-6000, simu ya bure ya bunge. Ujumbe wako utafikishwa kwa wabunge wako, na ukihitaji mkalimani, omba. Na kiangazi, wabunge wakiwa majumbani na ratiba zao zimelegea, waalikeni kanisani, msikitini au kwenye ukumbi wa jumuiya. Wapeni chai na maandazi, kisha wazazi watatu waliojiandaa waeleze shule zao zilivyo, kabla miswada ya Januari haijaanza kuandikwa.