Shingo ya Mtoto Ikichelewa Kukaza, Anzia Mkekani

Mwili wa mtoto hukaza kuanzia juu kushuka chini: shingo, mgongo, kiuno, ndipo miguu. Kumzungushia mito akae wakati shingo bado inalegea, au kumtia kwenye kigari cha magurudumu cha kujifunzia kutembea, ni kuruka hatua. Misuli inayohitaji kazi haipati kazi.

Tandika mkeka sakafuni, juu yake khanga iliyokunjwa. Godoro laini halifai, pua inazama. Viringisha khanga nyingine ipate unene wa kifundo cha mkono wako. Mtoto akiwa macho, mlaze kifudifudi, khanga hiyo ipite chini ya kifua, usawa wa kwapa, viwiko vije mbele. Hapa ndipo wengi wanapokosea: khanga inateleza hadi tumboni, makalio yanapanda, uso unagonga mkeka, mtoto analia, watu wanasema hapendi. Irudishe kifuani, kisha weka kiganja juu ya makalio uyakandamize kidogo. Uzito ukirudi nyuma, kichwa kinapata nafasi ya kuinuka. Wewe nawe lala chini, uso wako uwe sentimita 20 hadi 30 kutoka wake, umwite. Kichwa kinafuata sauti na macho.

Anza na dakika 2 au 3, mara nne au tano kwa siku, nusu saa baada ya kunyonya ili asicheue. Kwa mtoto ambaye bado hatambai, Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 30 kwa siku, kwa kugawanya. Akikataa kabisa, egemea nyuma umlaze kifuani pako, nayo inahesabika. Akisinzia, mgeuze chali mara moja, maana kulala usingizi kifudifudi ni hatari kwa mtoto mchanga.

Umri wa njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, huhesabiwa tofauti. Aliyezaliwa wiki ya 32 ametangulia wiki 8, hivyo akiwa na miezi 5 mlinganishe na wa miezi 3.

"Kila mtoto na wakati wake" ni kweli, ila wakati huo una mwisho. Katika vipimo vya shirika hilo vilivyofanyika Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, karibu watoto wote wenye afya walikaa bila kushikwa kufikia miezi 9 na kidogo, na wakatembea wenyewe kabla ya miezi 18. Wachache hawakutambaa kwa magoti kabisa, wakatembea vizuri tu, kwa hiyo hilo peke yake lisikutishe.

Yanayotaka haraka ni haya: miezi 4 na shingo bado inaanguka, ngumi zimefumbwa muda wote, dole gumba ndani, miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi unapombadilisha nepi, kupoteza alichokwisha kuweza. Na kutumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka. Watu hufurahi, "huyu mashoto", kumbe mkono wa pili ni dhaifu. Mpe kijiko upande anaoukwepa, siku kadhaa, uone kama anaupitisha mkono uleule mbele ya kifua kukifuata.

Ukiona mojawapo, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda na kadi, eleza kama alichelewa kulia alipozaliwa, kama alipata manjano kali au degedege, na uulize rufaa ya fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Misuli iliyokakamaa hufupika kadiri miezi inavyopita, na iliyokwisha kufupika ni kazi kubwa kuinyoosha.