Namna ya Kupima Oili ya Injini Kabla ya Safari

Oili ya injini hupimwa gari likiwa limesimama mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa na kuachwa itulie. Masharti haya mawili hupuuzwa sana, hasa kwenye vituo vya mafuta, ambako mhudumu hufungua boneti mara tu dereva anapozima gari, huchomoa dipstiki, yaani kijiti cha kupimia oili, wakati sehemu ya oili bado iko juu kwenye injini, kisha hutangaza kwamba imepungua. Oili huhitaji dakika 5 hadi 10 ili iteremke, na katika mji wa vilima kama Kampala, gari lililoegeshwa kwenye mteremko litatoa kipimo cha uongo hata ukisubiri saa nzima. Kwa anayeelekea Gulu au Mbarara, napendelea alfajiri kabla ya kuwasha gari, isipokuwa kitabu cha gari kiwe kinaagiza lipimwe likiwa na joto.

Dipstiki mara nyingi ina kishikio cha njano au cha rangi ya chungwa. Magari mengi ya otomatiki, hasa ya zamani yanayoletwa kutoka Japani, yana dipstiki nyingine ya giaboksi, ambayo oili yake kwa kawaida ni nyekundu, usizichanganye. Futa kwanza vumbi lililozunguka tundu, kwani barabara zetu haziachi injini safi. Ichomoe, ipanguse kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, irudishe mpaka kishikio kikae kabisa, kisha ichomoe tena na uisome ncha ikielekea chini. Usomaji wa kwanza hauna thamani, kwa sababu oili iliyorukaruka gari likitembea huwa imepaka kijiti chote. Kwenye ncha kuna alama mbili, ambazo huweza kuwa vitobo, mikato au herufi L (chini) na F (imejaa), na oili inapaswa kuishia kati yake. Pande mbili za kijiti zikitofautiana, uamini ule ambao oili imeishia chini zaidi.

Ikiwa imeshuka chini ya alama ya chini, ongeza robo lita kwa mara moja kupitia mfuniko ulio juu ya injini, usubiri, kisha upime upya. Katika magari mengi madogo nafasi kati ya alama hizo ni karibu lita 1 tu, na oili ikizidi, krankshafti, yaani mhimili unaozunguka chini ndani ya injini, huipiga mpaka itoe povu, ilhali povu halilainishi vyuma. Daraja la unene wake, kama vile 5W-30, lifuate kitabu cha gari, si kopo alilobaki nalo fundi.

Weusi usikutishe, hasa kwenye dizeli. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ndiyo ya kuogopwa, kwani huenda imeingiwa na maji kutokana na gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya sehemu ya juu ya injini na bloku) kuungua, na gari hilo lisisafiri kabla fundi hajalikagua. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi kwa kawaida huonyesha presha wala si kiasi. Ikiwaka ukiwa barabarani, simama pembeni mahali salama na uzime injini papo hapo.