Namna ya Kuujua Mji wa Wuhan kwa Anayetoka Arusha

Mtu aliyekulia Arusha hupewa dira bure: awe Ngarenaro, Njiro au Sakina, akiutazama Mlima Meru hujua kaskazini ni upande upi, na maelezo yake yote ya njia hujengwa juu ya kupanda na kushuka. Wuhan, makao makuu ya jimbo la Hubei katikati ya China, haina mlima wa kukuongoza. Ni mji wa tambarare wenye watu zaidi ya milioni 12, na vilima vyake vichache humezwa na maghorofa. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi au mfanyabiashara anayejiandaa kwenda huko namshauri ajifunze mito kwanza, kabla hajakariri jina la mtaa hata mmoja.

Chukua karatasi. Chora mstari mnene kutoka kona ya chini kushoto hadi kona ya juu kulia. Huo ni mto Yangtze, ambao wenyeji huuita Changjiang, nao unatiririka kuelekea kaskazini-mashariki. Kisha, kutoka kushoto, chora mstari mwembamba unaokuja kuungana na ule mnene katikati ya karatasi. Huo ni mto Han. Sasa una vipande vitatu. Upande wote wa kulia ni Wuchang. Upande wa kushoto, juu ya mto Han, ni Hankou, na chini yake ni Hanyang. Hii ilikuwa miji mitatu yenye maisha tofauti, iliyounganishwa mwaka 1927 kwa jina lililochotwa humo humo: "Wu" ya Wuchang na "Han" ya hiyo mingine miwili. Ukipewa anwani yoyote, swali lako la kwanza liwe ni ng'ambo ipi, kwa maana sehemu mbili zinazoonekana jirani kwenye ramani zinaweza kutenganishwa na mto wenye upana wa zaidi ya kilomita moja.

Anzia Wuchang asubuhi, na uanze na chakula. Katika kichochoro cha Hubu Xiang utakuta tambi zinazoitwa reganmian, ambazo ndizo kifungua kinywa cha mji huu. Mpishi huchukua tambi zilizokwisha kuchemshwa na kupakwa mafuta, akazizamisha tena kwenye maji yanayotokota kwa muda mfupi tu, akazikung'uta, kisha akazimwagia rojo zito la ufuta, mchuzi wa soya, figili za achari na majani ya vitunguu. Zikoroge papo hapo mpaka kila uzi upate rojo, kwa sababu ukichelewa zitagandamana. Watu wengi huzila wakiwa wamesimama, bakuli la karatasi mkononi.

Kutoka hapo si mbali kufika Huanghelou, Mnara wa Korongo wa Manjano (korongo yule ndege), ulio juu ya kilima cha Sheshan, yaani Kilima cha Nyoka. Mnara wa kwanza ulijengwa mwaka 223, ukaungua na kujengwa upya mara nyingi, na ule wa mwisho wa kale uliteketea mwaka 1884. Unaouona leo, wenye ghorofa tano kwa nje na lifti ndani, ulikamilika mwaka 1985, takriban kilomita moja kutoka kiwanja cha asili. Wapo wanaovunjika moyo wakiambiwa hivyo. Mimi naona hauna kasoro, kwa sababu ukifika ghorofa ya juu utapata kile ambacho washairi Li Bai na Cui Hao walikifuata: mto mzima chini yako. Toa ile karatasi yako hapo, uilinganishe na unachokiona.

Kilichokichukua kiwanja cha asili ni daraja, nalo linastahili kutembelewa kwa miguu. Lilifunguliwa Oktoba 1957, la kwanza kuuvuka Yangtze, na lina urefu wa mita 1,670 pamoja na njia zake za kuingilia. Magari hupita juu na treni hupita chini, kiasi kwamba treni ikipita utausikia mtikisiko wake kwenye nyayo. Kwa Mtanzania jambo hili lina uzito wake: Wachina walijenga daraja hili wakisaidiwa na wataalamu wa Kisovieti, na mwaka 1970 wao wenyewe walikuwa kwetu wakianza ujenzi wa TAZARA.

Daraja litakushusha Hanyang, kwenye Kilima cha Kobe. Kama huna muda, nenda Hekalu la Guiyuan peke yake. Ndani yake kuna ukumbi wa sanamu 500 za watakatifu wa Kibudha, na desturi ni kuchagua sanamu moja ya kuanzia, ukahesabu kwa idadi ya miaka yako. Utakayoishia ndiyo inayokutolea bahati.

Hankou ipe siku nzima. Bandari yake ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1861, na Waingereza, Warusi, Wafaransa, Wajerumani na Wajapani wakajimegea maeneo yao kando ya mto. Warusi walishindilia chai ikawa kama matofali na kuisafirisha kwao. Alama yako hapa iwe jengo la forodha la Jianghan, lililokamilika mwaka 1924, lenye mnara wa saa. Kama vile sisi tunavyoagizana kukutana Mnara wa Saa wa Arusha, hapo ndipo pa kuahidiana na mwenzako. Jirani yake ni gati la pantoni ya kurudi Wuchang. Ipande jioni, usimame nje, hata kama treni ya chini ya ardhi ingekuvusha kwa dakika chache.

Makumbusho ya Jimbo la Hubei yako Wuchang, karibu na Ziwa Donghu. Usiondoke bila kuziona kengele 65 za shaba za Mtawala Yi wa Zeng, zilizofukuliwa mwaka 1978 na zenye umri wa karibu miaka 2,400. Beba pasipoti, na usiende Jumatatu.

Mwisho ni tiketi ya treni. Stesheni kubwa za siku nyingi ni tatu: Hankou, Wuchang na Wuhan, na hiyo ya Wuhan iko upande wa Wuchang, mbali na katikati ya mji. Mimi niliona neno "Wuhan", nikadhani ni jina la mji tu, nikaenda Hankou nilikokuwa nimefikia; nilipomwonyesha mlinzi tiketi aliunyoosha mkono kuelekea mtoni, na treni yangu ikaondoka bila mimi. Siku moja kabla ya safari, soma jina la stesheni herufi kwa herufi, uitafute kwenye ile karatasi yako, na kama iko ng'ambo toka mapema zaidi kwa muda wa saa mbili.