Kochi la riklaina na joto la pwani

Kama uko Dar, Tanga au Mombasa na unataka kochi la ngozi la riklaina, lile unalovuta mkono likakuinulia miguu, usianze na rangi. Fungua zipu ya mto utazame upande wa ndani wa hiyo ngozi yenyewe. Ukiona vinyuzi laini kama vya mahameli, mara nyingi ni ngozi. Ukiona kitambaa kilichofumwa, hiyo ni plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa, na kwa jasho letu itabanduka magamba. La kwangu la kwanza lilianzia pale pa kuegemeza kichwa. Kila nikiinuka, vipande vyeusi shingoni. Uliza pia kuhusu mgongo na ubavu, maana mara nyingi ngozi ni ya sehemu ya kukalia tu.

Ukishalinunua, liepushe na jua la dirishani na uliachie nafasi ukutani, masika yakija lisiote ukungu. Jasho na mafuta ya nywele futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Sabuni ya unga na spiriti, hapana.

Vyuma vya chini watu huvisahau kabisa, na hewa ya chumvi huvitia kutu. Dondoshea maungio mafuta ya cherehani kila baada ya miezi michache, ufute yanayozidi kabla hayajafika kwenye zulia.